Kapita na Sista Ndani ya Kanisa la Matofali

Kinyesi cha popo na ubani, vikichanganyika, ndiyo harufu ya kanisa kubwa la misheni pale Kasongo, na nikiinusa popote narudi kuwa mtoto. Lilijengwa zamani kwa matofali mekundu ya kuchoma, na mababu zetu ndio walioyabeba vichwani. Kuta zake nene hutunza ubaridi hata jua likiwaka, na dari yake iko juu mno, ukikohoa, kikohozi kinakurudia kama cha mtu mwingine. Sisi watoto tuliliogopa. Kapita na Sista hawakuliogopa hata kidogo.

Kapita alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia tunayemfuga jikoni, akila maganda na majani miguuni pa mama. Tulimpa jina hilo kwa sababu aliwatangulia wenzake kila mahali, kifua mbele, kama msimamizi wa shamba la wazungu. Sista alikuwa bata. Mayai yote ya mama yake yaliharibika isipokuwa lake, na mama mtu naye akachukuliwa na kicheche. Basi kifaranga kile kikajisukuma kwenye manyoya ya Kapita karibu na mafiga, kikalala. Akakua mweupe, mwendo wa haraka kama mtawa aliyechelewa sala. Ukiwatenganisha, lo! Bata atapiga kelele mpaka jirani aje kuuliza nani amekufa.

Mwaka ule mdogo wangu Amani aliugua hadi tukakata tamaa. Mama akaweka nadhiri: mtoto akipona, yule bata mweupe ataenda kanisani siku ya shukrani ya mavuno. Amani akapona. Ahadi ni deni, na mama si mtu wa kucheza na Mungu. Kwetu mnyama wa nadhiri ya uhai hachinjwi, hufugwa uani mwa misheni. Lakini chochote kilichotua kwenye ngazi ya altare hakirudi nyumbani, hata mwenyewe alie machozi ya damu. Nililia sana. Mama akaniuliza, "Unataka nani abakie, bata ao ndugu yako?" Nikaenda kutafuta kikapu.

Asubuhi ya misa nilipomtia Sista kikapuni alianza makelele yake. Nikamweka Kapita kando yake ili atulie, nikipanga kumtoa kabla hatujafika mbele. Weee, nani angekumbuka! Ngoma zililia, akina mama wakacheza na vikapu vya mpunga na ndizi vichwani, vigelegele vikajaa darini, nami nikajikuta nimesukumwa hadi altare. Nikapiga magoti, nikatua kikapu kwenye ngazi. Kifuniko kikafunguka. Kapita huyoo, Sista nyuma yake!

Walipita chini ya kanzu ya padri, wakakata katikati ya wanakwaya, na sauti ya kwanza ikapanda kuliko wimbo ulivyotaka. Wakaizunguka sanamu ya Yosefu, wakapotelea ubavuni. Vijana waliwafuata kwa magoti chini ya mabenchi. Kila Sista alipolia dari ilimjibu, ikawa kama kanisa zima limejaa mabata. Hata padri alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua Kapita naye ameshafika kwenye ngazi.

Katekista wetu, mzee mkali kweli kweli, ndiye aliyewapata. Walikuwa nyuma ya pazia la kitubio, kile chumba kidogo cha kuungamia, Kapita akiwa chini ya bawa la Sista. Akawainua, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule.

"Bata najua, iko ya nadhiri," akasema. "Na huyu simbilisi? Yeye hakutajwa, anaweza kurudi nyumbani. Iko wa nani?"

Mama akanitazama. Ningesema "wangu" tu, ningerudi na Kapita jikoni kwetu. Lakini Sista alikuwa amenyoosha shingo, anamtafuta mwenzake kwenye mkono wa pili, na kelele zimeanza tena.

"Iko wa kanisa, Papa," nikasema. "Walikuja pamoja."

Njiani mama hakunikaripia. Alinishika mkono, jambo ambalo hakulizoea, na jioni ile jikoni palikuwa kimya hata ugali haukunishuka.

Leo kanisa limepata bati jipya, popo wamefukuzwa, na ile harufu lazima uitafute kwenye pembe. Watoto hupiga picha kwa simu pale pale ngazini ambapo sisi tulitetemeka. Mimi nauza nguo Salamabila, kwa wachimba dhahabu, na njia ya kupitia Kabambare ni tope tupu. Nilipohama, pikipiki ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu, nami nina mabinti wawili wanaolala shuka moja. Kila mtu alinishauri nimchukue mdogo, mkubwa abaki asome. Usiku kucha niliutaka ushauri ule, kwa sababu nilihofia upweke wa kule. Asubuhi nikapanda pikipiki peke yangu.

"Hata mumoja haumubebe?" mama akaniuliza, sasa mzee, wajukuu wamemng'ang'ania kitenge huku na huku.

"Hapana, mama. Walikuja pamoja."

Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka dereva alipowasha.