Mbwa Wetu Chumvi na Mafuta ya Korosho

Maganda ya korosho yakiungua hutoa moshi mzito unaokwaruza koo, na harufu yake hukaa nguoni hata baada ya kufuliwa mara mbili. Ndiyo harufu iliyotawala kijiji chetu cha Tezo kila mwisho wa mwaka nilipokuwa mdogo, katika miaka ya themanini, shule zikiwa zimefungwa na jua la kaskazi likitupiga utosini tangu asubuhi. Kila boma lilikuwa na debe lililotobolewa matundu, limewekwa juu ya mafiga, na kila boma lilikuwa na mtu mwenye vidole vyeusi. Wenzangu wakiinusa harufu ile leo husikia hamu ya kula korosho. Mimi, kama nimo garini, hufunga dirisha.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, na mama alikuwa amemfuata pamoja na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Nilibaki Tezo na mama yake baba, ambaye kwa Kigiriama chetu tulimwita Hawe, yaani nyanya. Wa tatu katika boma alikuwa Chumvi, mbwa mwekundu ambaye baba alimleta kutoka Gongoni akiwa mdogo, ndani ya gunia tupu la chumvi. Chumvi hakuwa mbwa wa kubembelezwa. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza tumbili na nyani walioishambulia mikorosho yetu, kwa maana nyani akila bibo, tunda la mkorosho, huitupa korosho popote, na mwisho wa siku unabaki kuokota maganda na matusi. Lakini mimi nilimpenda mbwa yule kwa moyo wangu wote. Mama alipoondoka na mtoto mchanga akaniacha, ni Chumvi aliyekaa nami kizingitini mpaka nilipomaliza kulia.

Upele ulimwanzia masikioni. Tukadhani ni kupe. Kabla ya mwezi kwisha ulikuwa umeshuka shingoni, ukaingia kwapani na kwenye viwiko, manyoya yakanyonyoka na ngozi ikawa nene, ya kijivu, yenye mikunjo na magamba. Alijikuna mpaka damu. Akilala, tulisikia mguu wake ukigonga ardhi, tap tap tap, na akinyamaza ni kwa kuwa amechoka tu. Majirani waliopita walifunga pua na kutupa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Mmoja alisema tumpake oili chafu ya lori, mwingine akasema tumtumbukize kwenye josho la ng'ombe tumalize kazi. Hawe aliwashukuru wote kwa adabu, kisha wakishageuka akasema oili ni ya gari na josho ni la ng'ombe, na mbwa wake si gari wala ng'ombe.

Alikuwa na haki ya kujibu hivyo, kwa sababu Hawe alikuwa mjuzi wa maradhi ya wanyama. Watu walimletea mbuzi waliovimba matumbo, punda wenye vidonda vya mgongoni, kuku waliopinda shingo. Walikuja asubuhi mapema wakapiga hodi, wakamwamkia shikamoo wakiwa bado mbali, na wakaondoka wakitembea kwa moyo mwepesi. Mimi nilijiona mtoto wa mtu mkubwa. Nilizoea kubeba kibuyu chake cha dawa kwa madaha, nikiwapita watoto wenzangu kana kwamba mimi ndiye niliyetibu.

Kisha naibu wa chifu akaita baraza. Mtoto mmoja upande wa pili wa barabara alikuwa ameumwa na mbwa, na serikali ilihofia kichaa cha mbwa. Amri ikatoka kwamba baada ya siku kumi na mbili mbwa wote wapelekwe joshoni kuchanjwa. Atakayekuwa na upele hatachanjwa, atapigwa risasi hapo hapo. Na mbwa asiyeletwa, askari watamfuata nyumbani. Niliisikia amri ile nikiwa nimekaa chini miguuni pa Hawe, na nakumbuka nilimtazama usoni ili nione kama naye ameogopa. Alikuwa ameogopa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya amri yenyewe.

Tulianza dawa jioni ile ile. Hawe alichemsha majani ya mwarobaini mpaka maji yakawa meusi, yakapoa, tukamwosha Chumvi kwa sabuni ya mche huku tukimsugua taratibu kwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa, ili magamba yalegee. Kisha akachukua kiberiti upele, ule unga wa manjano unaonuka yai bovu, akaukanda na mafuta ya nazi mpaka ukawa kama uji mzito. Alimpaka nusu ya mbele peke yake. Nilipouliza kwa nini asimpake mwili mzima, aliniambia, "Ngozi nayo yataka kupumua, Kadzo. Ukimpaka wote kwa mara moja utamlemea. Na wadudu wale wana mayai, na mayai hayaisikii dawa. Yaache yaanguliwe, ndipo tuwarudie wana." Nusu ya nyuma tuliipaka siku ya tatu. Magunia aliyolalia tukayachoma moto. Ili asijilambe, Hawe alikitoboa kikapu chakavu tundu chini, akamvisha shingoni, na Chumvi akawa anagonga kila mlango na kututazama kwa lawama.

Dawa ile ilikuwa ikifanya kazi. Leo najua. Lakini mtoto wa miaka tisa aliona kitu kingine kabisa. Magamba yalipoanguka, ngozi iliyobaki ilikuwa tupu, nyekundu na mbaya kuliko mwanzo, na mimi nilikuwa nikihesabu siku kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani nyuma ya jiko. Siku ya tano ikaja habari ya msiba kutoka Dabaso, wifi yake Hawe amefariki. Akaenda matangani. Mimi nikaachwa nilale kwa jirani yetu, Mama Sidi, na mchana nije kulisha kuku na mbwa. Kabla ya kuondoka Hawe alinishika kidevu akasema, "Mpe chakula, mpe maji. Dawa usimpake mpaka nirudi."

Niliitii amri hiyo kwa siku moja.

Huwezi kuelewa nilichofanya kama hukulelewa kwenye mikorosho. Kwetu, mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho yalikuwa dawa ya mchwa. Hawe mwenyewe alizipaka nguzo za nyumba kwa mafuta hayo, na hakuna mchwa aliyethubutu kuzisogelea. Alipaka tone moja kwenye nyufa za visigino vyake, zikafunga. Basi nikapiga hesabu zangu: kama yanaua mchwa anayekula mti, yatashindwaje na mdudu mdogo asiyeonekana? Nilijiona nina akili kuliko watu wazima wote wa Tezo. Nikakoka moto, nikaweka maganda kwenye debe la matundu, nikatega sufuria ya zamani chini, mafuta yakadondoka meusi na mazito. Yalipopoa nikamfunga Chumvi kwenye nguzo ya jiko, nikamvua kikapu, nikampaka kwa kipande cha kumbi, mgongo mzima na viwiko vyote. Nusu nusu ya Hawe niliiona ni uzembe wa wazee.

Mwanzo alitulia. Alinilamba hata mkono. Kisha nikaona ngozi yake ikitetemeka, akageuka kujitazama mgongoni, akaanza kulia. Sijapata kusikia mnyama akilia vile, tangu siku ile mpaka leo. Aliviringika mavumbini, akajigonga kwenye nguzo, akaivuta kamba mpaka ikakatika, akatoweka upande wa shamba la mkonge. Nilimkimbilia nikimwita na huku nalia, miiba ya mkonge ikinichoma miguu, mpaka sauti yake ikapotea. Nilirudi nikamwaga mafuta yaliyobaki, nikafukia maganda, nikanawa mikono mara nne. Mafuta yale hayaondoki kwa maji. Jioni viganja vyangu vilikuwa vimevimba malengelenge, na Mama Sidi alipouliza nilimwambia nimeshika sufuria ya moto. Akanipaka dawa ya meno, akanionea huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko mikono.

Hawe alirudi siku ya saba mchana. Alikiona kikapu chini, akaiona kamba iliyokatika, akanyoosha mkono akaipokea mikono yangu miwili na kuinusa. Nilisubiri kofi. Alivuta pumzi ndefu tu, akaniuliza, "Amekwenda upande gani?"

Tulimkuta Chumvi kwenye kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, amejilaza kwenye matope mpaka shingoni. Alipotuona alitikisa mkia ndani ya tope. Mimi niliingia matopeni kumtoa. Tulimbeba kwa gunia, Hawe upande mmoja na mimi upande mwingine, na mgongo wake ulikuwa umechubuka vipande vipande. Hawe alimpaka mafuta ya nazi tele, akayapangusa kwa kitambaa, akapaka tena, akapangusa tena, kwa kuwa mafuta huondolewa na mafuta mwenzake, ndipo akamwosha kwa sabuni. Akanifanyia vivyo hivyo mikono yangu, katika bakuli lile lile. Siku tano zilizobaki tulimnywesha uji kwa kijiko na kuwafukuza nzi kwa zamu. Kiberiti upele hakikuguswa tena, ngozi isingekistahimili.

Asubuhi ya chanjo tulifika joshoni jua likiwa bado dogo. Palikuwa na foleni ndefu ya watu na mbwa, meza moja, afisa wa mifugo kijana kutoka bara, na askari mwenye bunduki aliyesimama kando, karibu na shimo. Watu watatu wakiwa bado mbele yetu, mzee mmoja alionyeshwa aende kando na mbwa wake. Mlio wa bunduki ulipasua masikio, mbwa wote wakabweka, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Niliizungusha kamba ya Chumvi mara mbili mkononi mwangu.

Afisa alimtazama mara moja tu. "Hii mbwa iko na upele. Peleka kando."

"Huo si upele, mwanangu," Hawe alisema. "Upele ulikuwapo, umekufa. Tazama masikioni, tazama shingoni, ngozi imesafika na manyoya yanaota. Huku mgongoni ni kuungua. Amepakwa mafuta ya maganda ya korosho."

Yule kijana aliinama, akatazama masikio, akabonyeza ngozi kwa kalamu. Kisha akainuka akiwa amekasirika. "Mafuta ya korosho? Nani mjinga alipaka mnyama mafuta ya korosho?"

Watu wote walitusogelea. Alikuwapo Mama Sidi, walikuwapo wenye mbuzi na wenye punda, wale wote waliopiga hodi kwetu asubuhi. Afisa alisubiri jibu na askari alisubiri afisa. Nilijua kwamba lazima mtu ajibu, la sivyo maneno ya Hawe yataonekana uongo na kamba itachukuliwa mikononi mwangu. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Hakukutoka neno.

"Ni mimi," Hawe alisema.

Afisa alimsema mbele ya watu kwa muda mrefu, mwanamke mzima, mvi kichwani, anamuunguza mnyama kwa ushamba. Hawe aliinamisha kichwa akaitikia ndiyo, ndiyo mwanangu. Kisha Chumvi akachanjwa, na tukaondoka naye akichechemea katikati yetu. Njiani nilijaribu kusema. Hawe alinikatiza. "Mbwa yuko hai. Siku nyingine uulize kwanza." Hakulitaja tena jambo hilo maishani mwake.

Chumvi alipona, manyoya yakaota kote isipokuwa ukanda mmoja mgongoni, akawafukuza nyani kwa miaka mingine sita. Lakini hodi za asubuhi zilikoma. Kwanza alikuwa mwenye punda, aliyepita mbele ya boma letu akimpeleka mnyama wake kwingine, akasalimia akitazama chini. Kisha wote. Hawe aliendelea kuchuma majani yake na kuyaanika juani, mpaka siku moja nikaona hachumi tena. Alikaa kizingitini asubuhi, amejifunga leso safi, kama mtu anayengoja wageni.

Mbwa ninaofuga siku hizi wakipatwa na upele, nawapeleka kwa daktari mjini Kilifi. Anawachoma sindano, anaandika tarehe ya kurudi, na wiki chache baadaye manyoya yanaota. Tarehe ile ya kurudi ni ya kuyasubiri mayai yaanguliwe, kama alivyoniambia Hawe. Hakuna anayehesabu siku ukutani wala anayepoteza jina lake. Nafurahia jambo hilo, na sioni haya kusema kwamba zama hizi ni bora.

Mwaka uliopita tulikuwa arusini kwa mjukuu wa Mama Sidi, ambaye sasa ni kikongwe mwenye maneno mengi. Baada ya chakula akawasimulia vijana kisa cha marehemu jirani yake, mganga wa wanyama aliyemkaanga mbwa wake kwa mafuta ya korosho. Alikisimulia vizuri, akamwigiza Hawe akiinamisha kichwa, ndiyo, ndiyo mwanangu, na hema zima likaangua kicheko. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote, akaniuliza, "Si kweli, Kadzo? Wewe ulikuwapo."

Nina miaka arobaini na saba. Mbwa alikwisha kufa zamani, na Hawe pia. Nikacheka pamoja nao, nikasema ni kweli.