Hilda si Mathilde

Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi hunitia hasira mpaka leo. Msinishangae, mimi ni mtu wa kukaa ndani, na hasira nazifuga kama wengine wanavyofuga paka. Hii niliipata Brussels, miaka ya tisini, katika shule ya masista kule Evere. Kila asubuhi mwalimu wetu, Madame, aliwasha mshumaa, tukasali, akauzima kwa vidole.

Siku moja alituagiza tulete picha ya mtakatifu wa jina letu. Nikafurahi. Sisi ni Waanglikana wa Muheza, na kwetu majina ya watakatifu wa kale wa Uingereza yamejaa tele: baba Kuthbert, shangazi Etheldreda, mimi Hilda. Baba alikuwa na kadi aliyotumiwa na rafiki yake aliyesoma Uingereza: kanisa la parokia la Mtakatifu Hilda, la mawe meusi, mnara mfupi na mnene kama mama mwenye duka, makaburi yamelalia upande nyasini. Bibi alinisimulia kwamba Hilda aliwaongoza watawa, wake kwa waume, na wafalme walimfuata kuomba ushauri. Nilijiona nusu askofu.

Madame aliitazama kadi.

“Hili kanisa la Waprotestanti,” akasema. “Na Hilda ni jina la Kiflemi, la hao wasiosema Kifaransa, jirani yangu analo. Wewe tutakuita Mathilde.”

Nikamwambia Hilda alikufa karne nyingi kabla Waprotestanti hawajakuwapo. Nikasimamishwa nje ya darasa.

Espérance, rafiki yangu wa Bukavu, alicheka mpaka machozi. “Weye una bahati,” akaniambia. “Miye Madame anasema jina yangu ni ya bateau, ati ya mashua. Bon, Mathilde, twende tukule.”

Jioni nilimtaka baba aende shuleni. Aliendelea kumenya viazi.

“Itikia tu, mama. Mwaka utaisha.”

“Lakini si jina langu.”

Simu ikalia. Alikuwa bosi wake wa ghala kule Anderlecht. Baba akanyoosha mgongo kama vile anaonekana. “Oui, chef,” akasema. “Ni Jean hapa.”

Jean. Kuthbert mzima, na ndevu zake. Nilimtazama kama mtu aliyeuza nyumba yetu na sisi tumo ndani. Nikasusa chakula, jambo ambalo wanaonijua watawaambia halijatokea tena.

Asubuhi, saa za kazi, baba aliingia darasani na ovaroli lake la ghalani.

“Madame, mtoto anaitwa Hilda.”

Madame akaanza habari za kalenda ya watakatifu. Baba akarudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Akarudia tena.

“Bien,” Madame akasema. “Ilda.”

H ilibaki nje, nikaisamehe.

Nilimtangazia Espérance kwamba sasa ni zamu ya bosi. Baba hakwenda kwa bosi. Kwa miaka mingi nilimhesabu mwoga. Nilipopata mtoto wangu, na bosi wangu, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa na nafasi ya ugomvi mmoja tu, akaitumia kwa ajili yangu. Hasira haikupungua, ilihama tu, kutoka kwa baba hadi kule ghalani.

Alipostaafu, ghalani walimwandalia keki iliyoandikwa kwa krimu: Merci, Jean. Baba akamshukuru kila mtu. Mimi wakanipa kisu nikate. Nilianzia kwenye jina.