Mguu Niliounyamazia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata ya juzi nikiyasahau. Nilikuwa mzazi, mtoto wa kwanza, nimo ndani ya arobaini. Temeke ya enzi za Mwingereza ilikuwa ukitoka uani tu unaingia kwenye mihogo ya watu. Nimelazwa mkekani, mlango umerudishwa, maji ya moto pembeni, na somo wangu Bi Hawa anakunja mikono ya gauni lake ili anikande.

Bi Hawa ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo. Nyie wa leo somo hamumjui. Huyo alikuwa mama wa pili, na kwa mambo ya kike hata mama mzazi alimpisha. La kwanza alilonifunza ni kufunga mdomo: mzazi hapigi kelele, akipiga kelele anamwaibisha aliyemfunda. Nami nilikuwa mwali msikivu, ole wangu.

Mikono yake ilisifiwa mpaka Kinondoni. Aliwahi kuwa yaya mjini kwa Wahindi, na mkongwe wa nyumba ile, Bibi Kanta, akamfundisha ukandaji wa kwao, wa ile tiba waiitayo Ayurveda. Mguuni, alisema, kuna mahali maalumu pa kubonyeza, wao hupaita marma: katikati ya wayo, juu ya kifundo, katikati ya shavu la mguu, nyuma ya goti. Unapaka mafuta ya ufuta ya vuguvugu, unaweka dole gumba, unazungusha taratibu. Nisiseme uongo, raha yake we acha tu! Siku za mwanzo nilikuwa nasinzia mikononi mwake kuliko hata kichanga changu.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuniuma. Shavu lake likavimba, ngozi ikang'aa, ukiugusa una moto, na wa kulia uko kama kawaida yake. Bi Hawa akautazama mara moja tu, akacheka.

"Uchafu wa uzazi huo umejikusanya humo, mwanangu. Tutautoa."

Akaweka gumba pale katikati ya shavu, akakandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Jamani! Nikang'ata kanga. Machozi yakanitiririka mpaka masikioni. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, akauliza, "Hawa, humuumizi huyo?"

"Angeumia angesema," somo akajibu.

Na mie, mjinga mie, nikatikisa kichwa kwamba siumii.

Ikawa hivyo kila siku, asubuhi na jioni, na kadiri mguu ulivyovimba ndivyo alivyozidisha nguvu, kwa mapenzi kabisa. Mpaka asubuhi moja nikainuka kwenda uani, hatua chache tu, kifua kikanichoma na pumzi ikakata. Nikaanguka pale pale mlangoni. Mume wangu na majirani wakanibeba juu ya kitanda cha kamba hadi barabarani, tukapata lori, nikafikishwa hospitali ya serikali sijitambui.

Daktari alisema damu iliganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kimekatika kikapanda kifuani. Akauliza nani alikuwa akiukanda, maana kukanda ndiko hukisukuma kipande hicho.

Nilipona, alhamdulillahi, lakini nilikaa huko sana. Maziwa yakakauka, mtoto akanyonyeshwa na jirani, na niliporudi alikuwa akinilia kama mgeni. Mguu haukurudi tena kuwa mguu. Mpaka leo unavimba, umesawijika, na kidonda cha kifundoni kinafunga na kufunguka. Sikucheza ngoma ya harusi ya mwanangu mwenyewe. Nilikaa kitini nikipiga makofi.

Bibi Kanta alipata habari, akaja nyumbani kunitazama. Akaweka nyuma ya kiganja chake kwenye mguu mmoja, akahamia wa pili, akalinganisha joto. Kisha akamgeukia somo wangu.

"Hawa, mimi fundisha wewe kwanza kutazama. Kubonyeza baadaye."

"Hakusema, bibi," Bi Hawa akalia. "Wallahi hakusema kama anaumia."

Wote wawili wakanitazama, nami nikaufunika mguu kwa kanga. Yeye hakutazama, mie sikusema, tukaumaliza mguu sie wawili. Lakini lawama mtaa mzima ulimtwika yeye peke yake. Hakukanda mtu tena. Wakimpelekea mgonjwa anasema mikono imekufa. Tukikutana njiani ananipisha, eti hastahili shikamoo yangu. Nilikuwa nikijiambia iko siku nitakwenda nikae naye, nimwambie kosa ni letu sote. Nikaletewa habari ya msiba wake nikiwa bado najiambia. Hilo, mwanangu, linaniuma kuliko kidonda.

Basi nawe umejifunza kubonyeza miguu, nami sikukatazi, ni kitu kizuri. Ila kabla ya kuweka kidole, iweke miguu yote miwili pamoja uitazame na kuigusa. Ukiona mmoja umevimba, una moto, umebadilika rangi, una kidonda au mishipa imetuna, usiukande hata kwa mafuta, mpeleke mtu hospitali. Mwenye mimba na mzazi usiwaguse mpaka mkunga au daktari akubali. Na aliye mzima mbonyeze kwa upole, umtazame usoni, umuulize; maana wapo tuliofundwa kunyamaza. Ukiwa wewe ndiye unayekandwa, sema. Mkubwa hatavunjiwa heshima kwa kuambiwa "hapo panauma". Mie nilimstahi somo wangu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomvunja.

Mungu amrehemu Bi Hawa, amwambie yale niliyochelewa kumwambia. Nawe akupe mikono yenye kheri, na kila utakayemgusa ainuke atembee.