Neno Nililolileta Kutoka Myanga

Sisi tuliokulia Kitale kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto tuliruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka magoti yakachubuka, tukala mahindi ya kuchoma tukiwa bado tunayapuliza, na mgeni hatukumwamini hata kidogo. Watoto wa leo hulipiga picha kwanza goti lililochubuka, ndipo walie. Sisi tulilia kwanza, kisha tukatafuta wa kulaumiwa.

Likizo moja ya Agosti nilikuwa Myanga kwa Kukhu, bibi yangu. Alikuwa akipepeta maharagwe aliponieleza habari za Shangazi Nekesa, muuguzi wa jeshi aliyekuwa ametoka vitani Somalia na kuja kuishi kwetu Kitale.

"Ameludi na jelaha," akasema. "Musimusumbue."

Kukhu, kama wazee wengi wa Bungoma, aligeuza r kuwa l bila kujali, tena alizoea kumalizia sentensi zake kwa "ha!" ya dharau. Mimi mtoto wa mjini, niliyejiona hodari wa Kiswahili, nilisikia: amerudi na jela, ha!

Niliporejea Kitale, kila alichokifanya Shangazi kilithibitisha shaka yangu. Alitandika kitanda hadi shuka likakazika kama ngozi ya ngoma. Alikula upesi, mgongo ukutani, macho mlangoni. Alinawa mikono tena na tena kama mtu anayefuta ushahidi. Hata jua lilipowaka hakuikunja mikono ya blauzi yake. Nikamnong'onezea rafiki yangu Wanjiru.

"Ati jela? Kwani aliua mtu?" akauliza.

Niliinua mabega tu, naye akalichukua hilo kuwa jibu.

Kabla ya hapo akina mama wa mtaa walimletea Shangazi watoto wenye vidonda, naye aliwafunga bendeji bure huku akiwatania: "Askari mzima analia kwa sababu ya mwiba?" Baada ya neno langu kuenea mtaani, hakuna aliyebisha hodi. Kila asubuhi alipanga bendeji mezani, na kila jioni akazirudisha sandukuni.

Siku moja Wanjiru aliangukia chupa iliyovunjika, ikamchana shavu la mguu. Shangazi alifika mbio kwenye ua uliotutenganisha na kina Wanjiru, glavu tayari mikononi.

"Usimguse!" Mama Wanjiru akafoka. "Mikono ya jela haishiki mtoto wangu!"

Shangazi akasimama palepale. Sauti yake haikupanda. "Sawa, Mama Wanjiru. Mshike wewe. Bana hapo kwa leso. Inua mguu. Bana zaidi, usichungulie."

Mama Wanjiru alitii kila neno huku akimkodolea macho ya chuki, mpaka damu ikakoma.

Nyumbani Shangazi alivua glavu zisizokuwa na hata tone la damu. "Jela? Nani amesema nilikuwa jela?"

Nikamsogezea beseni la maji. Alipokunja mkono wa blauzi ili anawe, niliona kovu lililopanda kutoka karibu na kifundo cha mkono hadi kiwikoni, na sauti ya Kukhu ikanirudia upya. Jeraha. Mama Wanjiru hakuomba radhi, wala mimi.

Krismasi iliyopita nilimweleza Shangazi yote. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama na hiyo l yake, jamani!" Kisha kicheko kikakatika. "Mimi nilidhani aliyeueneza uvumi huo ni mwenzangu wa kambini, yule aliyenifunga jeraha la mkono huu. Ndiye pekee wa kule aliyewahi kufika hapa kwetu. Nikaacha kupokea simu zake."

Enzi zetu neno lilisubiri likizo iishe ndipo lisafiri kutoka Myanga hadi Kitale; leo lingefika kabla Kukhu hajamaliza kupepeta. Wadogo zangu husema kwamba siku hizi hakuna anayeweza kupotea, kila mtu yumo simuni. Hata hivyo, kila Jumapili Shangazi huipiga ile namba ya zamani ya mwenzake, simu akiishika kwa mkono wenye kovu, nami hukaa kando yake, nikisikiliza kama kuna atakayeipokea.