Kisu ya Jirani, Mbuzi ya Noeli

Bamama ba avenue yetu hapa Butembo banataka kila mutu alete idée moja ya kupendeza Noeli. Tangu juzi telefone yangu inalia tu: picha ya kuku yenye ananasi pembeni, meza yenye kitambaa nyekundu, namna ya kupika wali bila kushikamana, namna ya kuoka keki juu ya mbabula ya makala. Muzuri. Sibacheke. Mutu akiwa na siku moja ya kufurahi mwaka muzima, aifurahie. Mais mimi pia niko na idée, na haiko ya kitambaa. Ni ya mutu mwenye kushika kisu. Nilianza kuiandika kwa telefone, nikafuta, nikaanza tena, nikaona haiwezi kuingia mule. Donc ukae kidogo, nikuambie vile Noeli ilikuwa kwetu Beni wakati nilikuwa mutoto, na vile tuliiharibu. Tuliiharibu sisi wenyewe. Na mimi ndani.

Nililelewa na koko, mama ya mama yangu. Lupango yake ilikuwa na nyumba ya mabati, jikoni ya miti nyuma, muti mumoja wa mapera. Kati yetu na jirani kulikuwa matete tu, na katikati ya matete nafasi ndogo, mutu anapita kama anageuka upande. Ng'ambo kulikuwa muzee Muislamu, chauffeur wa camion, alikuwa anabeba mbao na kakao, pamoja na bibi yake, mama munene wa sauti kubwa. Sisi tulikuwa Bakatoliki ba kuomba rozari kila siku. Bo balikuwa ba mosquée. Na kila Noeli, ule muzee njo alikuwa anachinja mbuzi yetu.

Sababu ilikuwa nyepesi. Akichinja yeye, tunakula wote. Akichinja mutu mwingine, kwao habakule. Koko hakuona neno ndani yake. "Ye ana kisu ya muzuri, mi niko na pili-pili," alikuwa anasemaka. "Kila mutu kazi yake."

Wiki ya Noeli kwetu ilikuwa wiki ya mikono. Kuchambua muchele mpaka macho inauma, kwa sababu koko akikuta jiwe moja kwa jino, mutajua. Kutwanga sombe, majani ya muhogo, ya juu tu, ile laini. Ya chini inabakia kama majani ya mbuzi hata ukipika siku mbili. Koko alikuwa na sufuria moja inatundikwa kwa musumari yake, peke yake. Haijawahi kuingia nyama ya nguruwe. Hiyo ilikuwa ya kupikia sahani ya jirani, na mutu akiigusa na kijiko ya sufuria ingine, anakimbizwa mpaka kwa barabara. Na kama unataka conseil ya mbuzi, hii hapa: mbavu ipite kwanza juu ya makala, iungue kidogo pembeni, halafu njo iingie kwa maji ya tangawizi. Tomate nyuma kabisa. Mwenye kutia tomate mbele anakunywa maji nyekundu, haiko supu.

Siku yenyewe, nyuma ya misa ya kwanza, muzee alikuwa anapita kwa matete na kanzu nyeupe, kisu imefungwa ndani ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimechimba shimo ya damu. Anageuza kichwa ya mbuzi upande wa kibla, na kwetu ule ni upande wa barabara ya Oicha. Sisi batoto ba katekisimu tulikuwa tunanyamaza kama tuko kanisani. Anasema Bismillahi yake, mara moja, na imeisha. Mbuzi hailie. Sikuwahi kusikia mbuzi inalia kwa mukono wa ule muzee. Kisha ananigeukia mimi. Alikuwa ananiita bibi yake, vile bakoko banaume banataniaka bajukuu.

"Bibi yangu, leo unipikie muzuri, ama naoa mwingine."

"Nani atakukubali? Hauna meno!"

Lupango yote inacheka. Saa nane napeleka sahani ng'ambo. Sahani inarudi na tende, ama na sukari, ama na mikate ya mafuta ya mama jirani. Siku ya Idi ilikuwa kinyume: pilau yao inapita kwa ile nafasi ya matete, na koko anarudisha sahani na mayai.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili wakati barabara ya Oicha ilianza kujaa magodoro. Batu balikuwa banakimbia bauaji ba porini, banafika asubuhi, godoro kwa kichwa, kuku kwa kwapa, batoto bila viatu. Tonton, mjomba yangu, kijana wa koko, alifika na batoto babili bila mama yao. Mama alibakia kule, kwa shamba yao ya kakao. Batu wengine njo balimuzika. Tonton hakuona hata kaburi. Nasema hii wazi, ili musidanganyike kama alikuwa tu mutu mubaya. Alikuwa mutu mwenye bibi yake ameuawa, na hakuna mutu wa kumuonyesha na kidole kusema ni huyu.

Basi avenue ikamuonyesha. Batu balikuwa banasema bale ba porini banaomba kama Baislamu. Kwa bomba ya maji, kwa mulolongo, bidon ya mama jirani ikaanza kusogezwa nyuma. Hakuna mutu alimutukana. Banasogeza tu. Ye anarudisha, bo banasogeza. Mama wa sauti kubwa akaanza kuongea polepole.

Siku mbili mbele ya Noeli, tonton alisema mbele yetu wote: "Mama, mbuzi hii, ule mutu hataigusa."

Koko alikuwa anachambua muchele. Hakuinua kichwa. "Ataichinja. Kila mwaka anaichinja."

"Mi nikule nyama yenye mukono yake imechinja?"

"Mukono yake haikuua bibi yako."

"Unajua je?"

"Namujua mbele wewe uzaliwe. Wewe njo sikujui tena."

Tonton alitoka. Nikafikiri imeisha. Mutoto anafikiriaka mutu mukubwa akitoka nje, maneno imeisha.

Siku ya Noeli koko alienda misa ya kwanza amevaa pagne yake ya fête, akaniacha na batoto ba tonton juu ya kuwasha moto. Kanisa ilikuwa karibu, tulikuwa tunasikia ngoma. Tonton akafungua kamba ya mbuzi.

"Wewe, leta bassin."

"Tonton, muzee hajafika."

"Muzee nani? Leta bassin. Leo damu haiende kwa udongo, tunakaanga."

Nikaleta. Nisikudanganye: sikulia, sikukimbia kuita mutu, niliinama na gauni yangu mupya nikashika bassin. Tonton hakujua kuchinja. Alirudia mara tatu. Mbuzi ikalia, ikalia, mutoto mudogo wa tonton akaziba masikio. Ngoma ya kanisa ilikuwa imenyamaza saa ile, sijui juu ya nini. Niliangalia matete. Nikajiambia habakusikia.

Koko alirudi, akakuta mbuzi imetundikwa kwa muti wa mapera. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alivua viatu, akaiweka moja kando ya ingine.

"Na ng'ambo utabaambia nini?"

"Sina kitu ya kubaambia. Barudi kwao."

"Bako kwao," koko akasema.

Alichukua sufuria ya musumari. Akapika wali, akapika maharagi na mawese, akakaanga ndizi makemba. Hata kipande moja ya nyama hakutia. Akapanga sahani, akaifunika, akanishika bega. Sijasahau ile mukono.

"Peleka. Bakuulize nyama, bakose kuuliza, sema kweli. Sema ni tonton, sema mi nilikuwa kwa misa, sema nitakuya mwenyewe kuomba radhi. Usiongeze. Umesikia? Bakijua kama si mimi nilitaka hivi, tutabakia jirani. Bakifikiri ni mimi, imekufa."

Nilisikia muzuri. Nikapita kwa matete.

Muzee alikuwa amekaa kwa barza. Kanzu nyeupe, kofia, kisu ndani ya kitambaa juu ya magoti. Alikuwa amengoja tangu asubuhi.

"Bibi yangu! Mumenisahau? Kisu inanilalia hapa kama mutoto wa kunyonya."

Mama jirani akasema toka mulango: "Amekataa hata chai, huyu. Ati tumbo ni ya supu ya koko yako. Nikamuambia, we muzee, utakufa na njaa siku ya Noeli ya benyewe!"

Balikuwa banacheka. Na njo ile kucheka ilinifunga. Kama bangekuwa na hasira, ningesema. Nilifungua kinywa na maneno ya koko, na ikatoka ingine.

"Mbuzi iligonjwa. Hatukuichinja."

Saa ileile upepo ukaleta harufu. Tonton alikuwa ametupa mbavu juu ya makala, mafuta inaanguka ndani ya moto, na moshi ya nyama ikapita juu ya matete, ikatufikia wote watatu, pale kwa barza. Mimi na sahani yangu ya maharagi. Mama jirani aliinua pua. Muzee alitazama upindo ya gauni yangu, nikatazama pia. Kulikuwa na damu.

Mama jirani akaanza: "Lakini asubuhi tulisikia—"

Muzee akamugusa mukono. "Pole ya mbuzi," akaniambia. "Umuambie koko, pole sana."

Mama jirani akaingia na sahani, nikasikia maji, akatoka nayo. Alikuwa ameiosha na kuipangusa. Hakukuwa kitu ndani.

Nilirudi. Koko alikuwa amesimama kwa jikoni, mikono mitupu.

"Ulibaambia?"

"Ndiyo, koko."

"Kama vile nilisema?"

"Ndiyo."

"Na bo?"

"Banasema hakuna neno."

Akakaa chini. "Mungu asifiwe," akasema. Ile "ndiyo" yangu njo inanichoma mpaka leo. Si bongo ya kwanza, ule uongo wa mbuzi kugonjwa. Ya kwanza ni ya mutoto aliyeogopa. Ya pili niliisema nikimutazama kwa macho.

Kesho yake koko alienda mwenyewe na mayai kumi. Nilimufuata nyuma. Alimushika muzee mikono mbili: "Aksanti kwa vile mulitusikia jana. Mutu mwingine angekasirika." Muzee akamutazama. Alikuwa na mbele yake mama ambaye alikula naye miaka yote, anamushukuru, vile alifikiri, kwa kumeza bongo yake. "Hakuna neno, mama," akasema. "Mbuzi inagonjwaka." Koko akacheka. Alifikiri ni mchezo, ni namna ya muzee ya kufunika haya yetu. Na mimi nilikuwa pale, hatua mbili, na kinywa yangu, na maneno yangu, na sikufungua.

Mbele ya Pasaka balipakia vitu ndani ya camion: vitanda, masufuria, mashini ya kushona ya mama. Balisema banahamia upande wa Kamango kwa ndugu. Hakuna mutu alibarushia jiwe, hakuna mutu alichoma nyumba, na avenue yote inaweza kuapa kama habakufukuzwa. Koko alisimama kwa barabara akiinua mukono. Mama jirani hakuinua wake. Tonton akaziba nafasi ya matete na kipande ya bati.

Noeli iliyofuata akachinja tena tonton, na mbuzi ikalia tena. Kisha na sisi tukabeba magodoro yetu, tukakuja Butembo. Koko alikufa hapa. Mpaka siku za mwisho alikuwa ananiuliza: "Bale jirani, nilibakosea nini? Si tulimaliza?" Nikamujibu: ndiyo koko, mulimaliza. Niko na hasira na tonton, hata kama namuelewa. Niko na hasira na ile avenue ya kusogeza bidon. Niko na hasira na koko pia, kwa sababu alitia kweli yote kwa mikono ya mutoto, na ye alikuwa na miguu ya kwenda. Mais kila mara hasira inazunguka, inazunguka, inakuja kukaa kwangu.

Batoto bangu bananiuliza juu ya nini sisi tunakulaka samaki siku ya Noeli wakati jirani banachinja. Nabaambia samaki ni tamu. Mwaka ulioisha nilipeleka sahani kwa mama mumoja wa mosquée, anauza vitenge karibu na sisi. Alikula mbele yangu, akalamba vidole, hakuuliza kitu, kwa sababu samaki hakuna mutu anauliza nani aliichinja. Batu banaweza kuita ile akili. Ni woga. Nimetafuta chakula yenye haiwezi kuniuliza.

Hiyo haiko Noeli ya koko, na haiko idée yangu. Katika Noeli ya koko, mwanaume wa dini ingine alikuwa anaingia kwetu asubuhi na kisu mukononi, na sisi batoto tulikuwa tunamukimbilia.