Bega Langu na Mwiko wa Matanga

Haya, nyinyi mmekaa mbele na nyinyi mmejificha huko nyuma karibu na chai, habari zenu? Mimi ni Mama Nafula wa Tongaren. Niangalieni hii mkono ya kulia. Ilikufa ikabaki tu kuzikwa. Leo asubuhi imefua blanketi mbili.

Kabla niumie, kazi yangu ilikuwa ugali. Si ile ya nyumbani, ile ya matanga. Mtu akifa kutoka Kamukuywa mpaka Endebess, wananiita mimi kabla waite fundi wa sanduku. Nilikuwa nasonga debe mbili ya unga peke yangu, na ikishikana vizuri unaweza kujengea shule. Mwiko yangu ilichongwa na mzee wangu, baba ya watoto. Ilikuwa refu kuliko mimi. Ukiisimamisha kwa mlango, kuku wanapanda wanalala huko juu.

Siku moja, ule wakati simu za mkono zilikuwa zinaanza kufika kwetu na tunapanda kichuguu kutafuta netiweki, nikaitwa matanga Kamukuywa. Nikachukua boda ya baisikeli. Mwenyewe anaitwa Wekesa, mwanaume mwembamba kama spoku. Nikakaa upande, vile wamama tunakaa, na mwiko nikalaza kwa paja kando ya kiuno, ikatokea mbele ya magoti na nyuma ya mgongo.

Wekesa akasema, "Mama, si hiyo kitu uisimamishe?"

"Wewe endesha. Mama mkwe alinifundisha mwiko ya matanga haibebwi kama mkuki."

Tukafika mteremko ya kuingia Kamukuywa. Baisikeli ikakimbia mpaka machozi yangu yakaingia kwa masikio. Halafu mwiko ikapata nguzo ya geti ya mtu. Baisikeli ikaenda, Wekesa akaenda, mimi nikabaki hewani. Nilikaa huko juu nikasalimia watu watatu. Kisha nikaanguka na bega.

Bega ilitoka. Juu kulikuwa na shimo, mbele kumesimama kinundu kama kiazi. Vidole zilikuwa zinawasha kama nimeshika siafu. Watu wakaita mzee wa kuvuta mifupa. Akaweka mguu yake kwa kwapa yangu, akavuta. Nilipiga nduru ng'ombe za Endebess zikakata maziwa. Bega haikurudi.

Hospitali huko Kitale wakanipiga picha, wakanidunga sindano, wakairudisha polepole. Ikalia "kop!" kama kifuniko ya debe.

Daktari akasema, "Nyama ya kushikilia bega imeraruka. Ile kuvutwa ingekata mishipa. Wiki tatu mkono ikae kwa kitambaa."

"Na ugali, daktari?"

"Utakula. Kusonga, hapana. Kama itapona vibaya, hutasonga tena."

Hiyo ndiyo iliniuma kuliko bega. Mwiko ikaenda kwa Anjelina, bibi ya shemeji yangu. Watu wakitoka matanga wananipitia kunipa ripoti ya ugali yake. "Mimi nilipata donge moja," mmoja akasema, "nikaweka kwa mfuko, itanisaidia kurushia mbwa." Nikacheka. Halafu nikaingia ndani nijaribu kuvaa blauzi peke yangu, ikanishinda. Mzee wangu alinivalisha. Nywele alinichana kama anapalilia mahindi.

Kitambaa ikatolewa. Mkono imekonda, ni ya mtoto. Sista wa mazoezi, mama mmoja mpole, akanifundisha kazi ya nyumbani. Nainama, mkono inaning'inia kama mkonga ya ndovu, nachora duara kidogo. Halafu vidole zinapanda ukuta kama buibui, na pale zimefika mzee anaweka alama ya makaa. Alama ya kwanza ilikuwa kwa kitovu. Halafu nakunja kiwiko, nasukuma ukuta na ngumi, bila kitu kusonga.

Jirani akapita. "Mama Nafula, unasukuma nyumba iende wapi?"

"Iende Bungoma, karibu na soko."

Baadaye sista akasema tufunge tyubu ya baisikeli kwa nguzo. Nashika, kiwiko imebana mbavu kama nimebeba kuku kwapani. Navuta nje polepole, narudisha polepole. Mara kumi, napumzika. Tyubu yenyewe aliileta Wekesa, kichwa ameinamisha.

"Uchungu ya kuvutika kidogo ni sawa," sista alisema. "Uchungu ya kudunga, unaacha hapo hapo."

Mwezi ya pili alama ikafika kidevu. Mimi nikajipima mwenyewe nikaona nimepona. Kulikuwa matanga hapo Tongaren. Nikakuta Anjelina anapigana na sufuria, nikamnyang'anya mwiko. Nikazungusha mara tatu. Ya nne bega ikadunga, nikaona nyota mchana. Ugali ikaungua, watu wakala mboga na maji.

Kesho yake sista akashika hiyo bega. "Nilikupatia tyubu. Mwiko ulipatiwa na nani?"

Nikarudi kwa kitovu. Hiyo mara ya pili sikuharakisha. Baada ya tyubu, mkebe ndogo ya mchanga. Baada ya mkebe, kusimama mbali kidogo na ukuta, viganja juu yake, naegemea narudi, mwili umenyooka kama ubao. Wakati wa mavuno alama ilipita kalenda yenye tumetundika juu ya kichwa. Sista akanikandamiza mkono, ikakataa kushuka. "Sasa anza na ugali ya watu wawili. Halafu watano."

Kwa hivyo nawaambia, nyinyi mko na bega mbaya: msivutwe na mtu, nendeni hospitali. Vidole zikikufa ganzi, mkimbie. Na hata kama unasikia uko na nguvu ya ng'ombe, fuata alama kwa ukuta, usifuate roho. Mzee wangu, sista, na Anjelina, asanteni. Anjelina sasa tunasonga pamoja, yeye akichoka mimi, mimi nikichoka yeye. Donge zimeisha.

Mara ya kwanza kurudi ilikuwa harusi, hapo hapo Kamukuywa. Debe mbili. Watu walikula mpaka bwana harusi akafungua mshipi. Nikamaliza, nikapanguza mwiko, nikaita Wekesa anirudishe nyumbani. Akaangalia bega yangu. Akaangalia mwiko. Akaangalia ile nguzo ya geti, bado imeinama. Akasema mbele ya wageni wote:

"Mama, wewe nitakubeba hata mpaka Uganda. Lakini hiyo mwiko itatembea na miguu!"