Ngolo Bila Mchimbaji

Mwaka jana tulikusanywa walimu wa kata yetu, tukakalishwa kwenye madawati ya wanafunzi, tufundishwe habari za msongo wa mawazo. Mwezeshaji alitoka mkoa wa mbali, mtu mstaarabu mwenye sauti ya upole. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akaandika makundi manne ya watu wanapozidiwa: wanaofoka, wanaokimbia, wanaoganda, na wanaohangaika kumridhisha kila mtu. Akasema kila mmoja ajitafutie kundi lake. Wenzangu wakaanza kuchekana na kugawiana makundi. Mimi sikucheka, si kwa ubaya, nilikuwa nimechoka tu. Nimechoka tangu mwezi wa tatu ule mama alipoanguka, na uchovu wenyewe si wa kuisha kwa kulala. Niliitazama ile karatasi nikamtafuta baba yangu. Hakuwamo.

Mama alianguka jikoni asubuhi, nyumbani kwetu Ukata. Mimi nilikuwa huku Ngumbo, kando ya ziwa, nikifundisha darasa la nne. Dada yangu mkubwa alinipigia simu akinifokea kana kwamba mimi ndiye niliyemsukuma.

"Unangoja nini huko? Dagaa wenu wa usipa hawatakimbia ziwani! Njoo!"

Nilipanda pikipiki na vumbi lake lote hadi Mbinga mjini. Nikawakuta hospitalini, mama amelazwa chali, mdomo umekwenda upande, macho yako wazi lakini hayaniulizi kitu. Daktari alisema ni kiharusi. Alisema tusubiri, siku chache zijazo ndizo zitakazoonyesha kama atasema tena na kusimama, au ndiyo basi. Tukasubiri.

Dada alisubiri kwa kugombana. Aligombana na muuguzi, na mlinzi wa getini, na bomba la maji lililokuwa linatoa maji tone kwa tone. Siku ya tatu aligombana na mama mmoja wa watu kwa ajili ya ndoo ambayo haikuwa hata yetu. Ilikuwa hofu, nilijua, lakini hofu ya dada ina meno, na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka nyuma yake kuomba radhi.

Mdogo wetu wa kiume, mtu mzima mwenye mke na pikipiki ya abiria, alisubiri kwa utani. "Mama," alimwambia, "mdomo huo ukinyooka utaanza kunisema tena. Mimi naona ubaki hivyohivyo." Wodi nzima ikacheka. Kisha akatoka nje akaanza kufuta pikipiki yake. Nilimtazama dirishani. Ilikuwa safi, alikwisha kuifuta asubuhi.

Na mimi? Mimi nilifanya mahudhurio. Ndiyo, nilinunua daftari, nikaandika nani amekuja, saa ngapi, ameleta nini, mama amekunywa uji vijiko vingapi. Mwalimu akitishika huchora mistari. Katika orodha ile jina la kwanza juu lilikuwa Baba, na kila jioni mbele yake niliweka alama ya mkasi, X, kwa kalamu nyekundu, ile ninayowawekea watoro. Siku ya kwanza, mkasi. Ya pili, mkasi. Ya tano, mkasi.

Hakuja. Habari zake alituletea jirani aliyekuja kumwona mama. Alikaa kwenye benchi, akala nusu ya ndizi, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Baba yenu haonekani nyumbani. Yuko shambani kutwa, analaza majani."

Dada akaweka chini bakuli la uji. Niseme kwa nini. Kwetu kwenye miteremko tunalima ngolo. Mwanamume hufyeka majani, na yakishakauka huyalaza kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba miraba. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuumwaga juu ya majani. Katikati linabaki shimo, pembeni matuta, na kwenye matuta anapanda maharage. Kulaza ni kwa mume, kuchimba ni kwa mke. Majani yakilazwa yakakosa mchimbaji, mchwa wanayala, upepo unayavuruga, na wapita njia wanapata la kusema. Mwanamume asiye na mwanamke wa kuchimba halazi.

"Basi anamlazia nani?" dada akauliza. "Nauliza, anamlazia nani? Mama bado anapumua, yeye ameshapata mchimbaji mwingine?"

Ningependa kusema nilimtetea baba. Sikumtetea. Usiku wa hasira hupambazuka na hasira. Siku iliyofuata nilikoleza ile mikasi myekundu, moja baada ya nyingine, hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Siku ya nane daktari alituita. Mama atapona, alisema, na kusema atasema, polepole. Ila mkono wa kulia tusiutegemee tena. Nilitoka uani nikampigia baba simu. Nilimsikia akihema, na upepo wa mlimani ukivuma kwenye simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

"Mama atarudi nyumbani. Lakini mkono wa kulia umekufa."

Upepo tu. Nikamwita tena.

"Haya," akasema.

"Haya nini, Baba?"

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Akakata. Nilisimama pale uani na simu mkononi, nikamchukia. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu nimechoka kulibeba.

Wiki iliyofuata tulimrudisha mama Ukata kwa gari la kukodi, amefungwa khanga mbili asiyumbe kwenye kona. Baba alitupokea uwanjani, akamwamkia mkewe, akamshika begani, akaenda kuleta maji ya kunawa. Ndiyo hayo tu. Dada alikuwa na hotuba nzima tayari, lakini mama alikuwa anahitaji kulala, hotuba ikaahirishwa.

Kesho yake asubuhi mama alielekeza kidevu mlangoni. Ulimi ulikuwa bado mzito, tukabahatisha: chooni? juani? Akatikisa kichwa. "Shamba," akasema. Tukakataa. Akarudia. Mwishowe mdogo wetu akambeba mgongoni, akisema abiria wa namna hii hulipa mara mbili, nasi tukafuata na kigoda na jembe, maana mama alikuwa amelionyesha jembe pia.

Tulimkalisha ukingoni juu, pale shamba lote linapoonekana hadi kijitoni. Majani yalikuwa yamelazwa mteremko mzima. Mistari ya juu ilikuwa ile ninayoijua tangu utotoni, miraba mipana, ya mtu anayejua mkewe ana mikono yenye nguvu. Halafu katikati ya mteremko, ghafla, miraba ikawa midogo. Midogo kabisa, mtu angeweza kukaa kwenye kigoda akaufikia udongo wote bila kuinuka. Ikaendelea hivyo hadi chini.

"Angalieni," dada akasema. "Ameshazeeka. Hata mistari imemshinda."

Mama alikuwa anatazama. Alitazama muda mrefu, pale juu, kisha pale katikati, kisha chini. Upande mmoja wa mdomo wake ulianza kutetemeka, ule mzima.

"Amenipunguzia," akasema.

Mimi nilikuwa naangalia ule mstari wa katikati, mraba mpana wa mwisho na mraba mdogo wa kwanza, na nikasikia tena upepo ule kwenye simu. Alikuwa amesimama pale nilipompigia. Siku nane alikuwa akimwita kwa njia pekee anayoijua, nami nikimwekea mikasi.

Miraba midogo maana yake ni mashimo mengi, na waliochimba ni mimi na dada, siku tano, hadi viganja vikatoka malengelenge. Dada alilalamika tangu shimo la kwanza hadi la mwisho. Lakini siku ile ya kwanza alichimba mama. Tulimshusha hadi kwenye mraba mdogo, akakaa kwenye kigoda, akalishika jembe fupi kwa mkono wa kushoto. Alichimba shimo moja. Lilimchukua hadi jua la saa saba, na muda wote huo baba, aliyekuwa ametufuata, alisimama pembeni yake na fungu la majani kifuani, wala hapakuwa na pa kuyalaza, shamba zima alikwisha kulilaza.